Mliwapokea Paro, wapokeeni na nyumbani: barua ya wazi kwa Mfalme na Waziri Mkuu wa Bhutan

Kwa Mtukufu Mfalme Jigme Khesar Namgyel Wangchuck,
Kwa Mheshimiwa Tshering Tobgay, Waziri Mkuu,
Thimphu, Bhutan.

Nakala: Serikali ya Nepal, Kathmandu.

YAH: WATU WALIORUDISHWA KUTOKA MAREKANI, NA WAZEE WALIOBAKI KAMBINI BELDANGI, NEPAL

Mtukufu Mfalme, Mheshimiwa Waziri Mkuu,

Naomba radhi kwanza kwa kuwaandikia kwa Kiswahili. Ndiyo lugha niliyojifunzia neno mkimbizi, nikiwa mtoto wa miaka sita kwenye foleni ya mgao kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, baada ya mama kunivusha Ziwa Tanganyika kutoka Fizi mwaka 1996. Watakaoitafsiri barua hii wapo, tena wengine naishi nao jengo moja. Na nataka wasomaji wa Kiswahili waisome kabla yenu, kwa sababu yaliyowapata watu wenu yanatuhusu sote tuliowahi kupanda ndege tumeshika ule mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji linalosafirisha wakimbizi.

Mfuko huo ndio ulionijulisha kwa jirani yangu. Tulifika Columbus, jimbo la Ohio, Februari 2015, theluji imejaa hadi mlangoni. Tukapewa nyumba ya vyumba viwili ghorofa ya juu. Mzee wa chini alitoka amejitanda shali, akautazama mfuko niliokuwa nao mkononi, akarudi ndani bila kusema neno. Nikadhani tumemkera. Akatoka tena na wa kwake, mweupe vilevile, herufi zilezile za bluu, umefifia na kuchanika pembeni. Akanielekezea kidole, kisha akajigusa kifuani. Hatukuwa na lugha ya pamoja hata ya salamu, lakini nilimwelewa.

Tangu siku hiyo tumekuwa majirani wa kugongeana mlango. Wajukuu wake walisoma shule moja na mdogo wangu, na hao ndio wakalimani wetu. Namwita Baje kama wanavyomwita wao, yaani babu. Ndani ya mfuko ule Baje ametunza vitu viwili asivyoviacha hata akienda hospitali: kitambulisho chake cha uraia wa Bhutan chenye picha yake akiwa kijana, na risiti ya kodi ya ardhi iliyolipwa na baba yake. Vyote viwili vina muhuri wa serikali yenu. Kwao ni Sarpang, kusini, upande wa Gelephu. Alikuwa na michungwa, shamba la iliki, na ng'ombe ambao mpaka leo anawataja mmojammoja kwa majina.

Siandiki ili niwasimulie historia yenu. Mnaijua kuliko mimi. Lakini wengi watakaosoma hapa wanaijua Bhutan kwa jambo moja tu, kwamba ni ile nchi ndogo ya milimani, yenye watu wasiofika 800,000, inayopima furaha ya raia wake badala ya kuhesabu pesa peke yake. Nami nilikuwa hivyo hivyo kabla ya kumjua Baje. Kwa hiyo inabidi niyaeleze machache.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wazee wa akina Baje walipewa jembe mwishoni mwa karne ya 19. Misitu ya kusini mwa Bhutan ilikuwa na malaria kali, na wakulima wenye asili ya Nepal waliitwa kuifyeka na kuilima. Wakafyeka, wakalima, wakazika watoto wao humo, wakalipa kodi. Sheria ya uraia ya mwaka 1958 ikawatambua wengi wao kuwa raia. Mkawapa na jina kwa lugha yenu, Lhotshampa, watu wa kusini. Mtu ambaye babu yake ndiye aliyeufyeka msitu, na yeye mwenyewe anacho kitambulisho cha taifa, huyo tena si mgeni kwa kipimo chochote ninachokijua.

Kilichokuja kuwavunja ni karatasi. Sheria mpya ya mwaka 1985 ilitaka mtu aonyeshe kwamba alikuwa mkazi wa Bhutan kufikia tarehe 31 Desemba 1958. Kisha ikaja sensa ya mwaka 1988, iliyoendeshwa kwa ukali kusini. Makarani wakawagawa watu katika makundi saba, kuanzia F1, raia halisi, hadi F7, asiye raia. Katikati ya hapo kulikuwa na F4, mwanamke wa nje aliyeolewa na raia, na F5, mwanamume wa nje aliyeoa raia. Nyumba moja iliweza kuwa na baba wa F1 na mama wa F4. Wakulima walidaiwa risiti ya kodi ya mwaka 1958 wenyewe. Baje anasimulia kwamba jirani yake alileta risiti ya mwaka wa nyuma zaidi, akaambiwa hiyo haithibitishi kwamba alikuwepo 1958. Mwingine akaleta ya mwaka uliofuata, akaambiwa amechelewa kuingia nchini.

Hapo naomba mnisikilize kama mtu aliyekulia kambini. Nimepitia uhakiki mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Najua namna magoti yanavyolegea mbele ya meza ya karani hata kama huna kosa, namna unavyosahau mwaka wa kuzaliwa wa mdogo wako, namna herufi moja iliyokosewa kwenye jina inavyoweza kukuondoa kwenye orodha. Na sisi tulikuwa wageni tunaoomba hifadhi. Hawa waliulizwa uthibitisho wakiwa wamekaa kwenye baraza za nyumba zao wenyewe. Hakuna mkulima duniani anayetunza kwa miaka 30 karatasi ya mwaka mmoja maalumu kwa kubahatisha kwamba ipo siku ataulizwa.

Kuanzia 1989 wakalazimishwa kuvaa gho na kira, mavazi ya kitaifa, katika joto la kusini, na Kinepali kikaondolewa shuleni. Tek Nath Rizal, aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Ushauri la Mfalme, alipeleka malalamiko ya watu wa kusini kwa Mfalme wa Nne mwaka 1988, na malipo yake yakawa kukamatwa, kukimbilia Nepal, kurudishwa kwa nguvu, na kukaa gerezani hadi Desemba 1999. Septemba 1990 watu waliandamana. Baada ya hapo jeshi likaingia vijijini, shule za kusini zikafungwa, na waandamanaji wakaitwa ngolop, wasaliti wa taifa. Ndipo zikaja zile fomu za "kuhama kwa hiari". Wengi wameeleza kwamba walitia saini bunduki zikiwa mlangoni, na wapo walioambiwa watabasamu mbele ya kamera.

Sitaki kuonea. Najua mlikuwa na hofu, na hofu yenyewe haikuwa ya kubuni. Mwaka 1975 ufalme jirani wa Sikkim ulimezwa na India, na wengi wa wakazi wake walikuwa wenye asili ya Nepal. Miaka ya 1980 Darjeeling, huko India, iliwaka kwa madai ya wenye asili ya Nepal ya kupewa jimbo lao la Gorkhaland. Nchi yenu imebanwa kati ya China na India, mataifa mawili makubwa kuliko yote duniani kwa idadi ya watu. Nimetoka Kivu Kusini. Najua wakubwa wanavyoweza kujaza hofu mioyoni mwa wadogo hadi jirani akaonekana ni adui kwa sababu ya lugha ya mama yake, na kwetu pia yupo anayeambiwa kila siku arudi "kwao" huku kwao ni hapo hapo alipozaliwa. Hofu naielewa. Ila hofu ya mwaka 1990 haiwezi kuendelea kumlaza mtoto aliyezaliwa mwaka 1998 kwenye kibanda cha mianzi.

Zaidi ya watu 100,000 walitoka, takriban mtu mmoja kati ya kila sita wa nchi nzima kwa wakati ule. Walivuka kuingia jimbo la Assam, India, huko wakapakiwa malori na kushushwa mpaka wa Nepal. Mwanzoni walikaa Maidhar, kando ya mto Mai, na wengi walifia pale, hasa watoto, kwa magonjwa ya uchafu wa maji na njaa. Baadaye zikafunguliwa kambi saba katika wilaya za Jhapa na Morang: Beldangi zikiwa tatu, halafu Goldhap, Timai, Khudunabari na Sanischare. Baje alikaa Goldhap. Machi 2008 moto uliiteketeza sehemu kubwa ya kambi ile, na alichookoa ni mjukuu mmoja na zile karatasi mbili.

Serikali yenu na ya Nepal zilikaa mezani zaidi ya mara 15 kuanzia mwaka 1993. Kambi moja tu, Khudunabari, ndiyo iliyohakikiwa kwa pamoja. Mwaka 2003 majibu yakatoka: kati ya watu zaidi ya 12,000, waliokubaliwa kuwa raia halisi waliofukuzwa kwa nguvu walikuwa 293. Wengi wa waliosalia, kama asilimia 70, waliandikwa kuwa walihama kwa hiari yao. Zile fomu za kutabasamu mbele ya kamera zilikuwa zimefanya kazi yake. Na hata wale 293 mliowakubali kwa mikono yenu wenyewe hawakurudishwa kwa mpango wowote mpaka leo.

Baada ya hapo ikaja safari ya nchi ya tatu. Kuanzia mwishoni mwa 2007, zaidi ya watu 110,000 walihamishwa kutoka kambi zile, zaidi ya 90,000 kati yao wakija Marekani, wengine Canada, Australia, New Zealand, Denmark, Norway, Uholanzi na Uingereza. Ndivyo Baje alivyofika Columbus, ambako leo kuna maduka ya tangawizi na dengu za Kinepali kila baada ya mitaa michache, na timu za mpira ambamo vijana wao wanacheza na vijana wetu wa Nyarugusu na Kakuma. Wamejenga. Wamenunua nyumba. Pia wamezika. Wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani walichunguza vifo 16 vya wakimbizi wa Bhutan waliojiua kati ya Februari 2009 na Februari 2012, na wakaona kiwango cha kujiua miongoni mwao kinakaribia mara mbili ya kile cha Wamarekani kwa jumla. Nalitaja kwa sababu ni watu wanaotoka katika nchi yenye kipimo cha furaha, na hakuna anayewahesabu katika kipimo hicho.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Machi 2025 Marekani ilianza kuwarudisha kwa ndege watu wenu waliokuja kama wakimbizi. Kundi la kwanza lilikuwa la watu kama kumi. Walipitishwa Delhi, wakatua Paro, kwenye uwanja wa ndege wa Bhutan. Wengi walikuwa na grini kadi, na walikuwa wamewahi kupatikana na makosa mahakamani. Wapo waliokuwa wamemaliza kifungo miaka mingi nyuma na kurudi kazini. Wapo waliozaliwa kambini Nepal na hawajawahi kukanyaga udongo wa Bhutan maishani. Maofisa wenu wakawapokea uwanjani, wakawahoji, wakawapa fedha kidogo za njia, wakawapeleka kwa gari hadi mpakani Phuentsholing, wakawatoa upande wa India. Haikufika hata siku mbili. Kutoka hapo wakavuka India na kuingia Nepal kwa njia za panya, maana hawakuwa na hati yoyote, na Nepal ndiko penye ndugu na kambi wanayoijua. Wanne wa mwanzo walikamatwa na polisi wa Nepal kwa tuhuma ya kuingia nchini bila kibali. Mahakama ya Juu ya Nepal ilibidi iingilie kati ili wasifukuzwe tena. Tangu wakati huo wamerudishwa wengine kwa makumi, na njia imekuwa ileile: Paro, Phuentsholing, gizani.

Mtukufu Mfalme, Mheshimiwa Waziri Mkuu, nimelitafakari jambo hili usiku mwingi nikiwa zamu ghalani, na kila mara narudi palepale. Mliiruhusu ndege itue. Kwa kawaida nchi humpokea mtu aliyefukuzwa kutoka nchi nyingine kwa sababu moja, kwamba mtu huyo ni wake. Kama hawakuwa watu wenu, mlipaswa kusema hivyo kabla ndege haijaondoka Marekani, na mtu angebaki aliko mke wake na watoto wake. Mlipowapokea mlikiri. Na kama ni watu wenu, kwa sheria ipi mnamchukua mtu wenu uwanja wa ndege mchana na kumtoa nje ya nchi usiku, bila hakimu, bila barua, bila hata karatasi ya kumwonyesha askari wa nchi ya pili?

Nimewasikia watu, hata hapa Columbus, hata miongoni mwa wakimbizi wenyewe, wakisema: wale ni wahalifu, waache waende. Sitadai kwamba wote walikuwa wasafi. Wengine walifanya makosa makubwa, na waliowaumiza wana haki ya kukasirika. Lakini mahakama ilikwishawahukumu na kifungo wakakitumikia. Hakuna hakimu aliyemhukumu yeyote kati yao asiwe na nchi. Hiyo ni adhabu waliyopewa na watu watatu waliokataa kukaa meza moja: Marekani iliyowapandisha ndege ikijua walikotoka walifukuzwa, ninyi mliowapitisha kama mzigo wa njiani, na Nepal iliyowaweka mahabusu. Wanapigwa danadana. Mama mmoja wa kanisa la jirani, ambaye mwanawe ni mmoja wao, aliniuliza ampelekee fedha mwanawe kwa anwani gani. Sikuwa na jibu.

Na kwenu Kathmandu neno moja. Nepal ilibeba watu hawa kwa zaidi ya miaka 30 bila kuwa imetia saini Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, na hilo nalitambua kwa shukrani. Nimeishi katika nchi iliyotuhifadhi pia, najua hifadhi inavyomgharimu mwenyeji. Lakini mtu aliyekuja Beldangi kwa sababu ndiko alikozaliwa si mhamiaji haramu wa kawaida. Mwandikisheni. Mpeni cheti cha ukimbizi kinachomruhusu kutembea na kufanya kazi mpaka Thimphu ijibu. Waandikisheni na wale waliobaki kambini bila kusajiliwa tangu zamani. Mwaka 2023 mawaziri wenu wa zamani walikamatwa kwa kashfa ya kuwauzia raia wa Nepal ndoto ya kupelekwa Marekani kama wakimbizi bandia wa Bhutan. Wakimbizi wa kweli ndio waliochafuliwa na kashfa ile, na wao ndio wanaoendelea kusubiri.

Narudi Thimphu, kwa sababu ufunguo uko Thimphu.

Beldangi na Sanischare bado wamo watu kati ya 6,000 na 7,000. Wamo wazee wengi waliokataa kwenda Ohio au Adelaide, Australia. Hawakukataa kwa ujinga. Walisema wazi: tunataka kurudi Bhutan, tukipanda ndege ya Marekani madai yetu yatakufa. Sasa wanakufa wao mmojammoja, na madai yao yako hai. Watu 7,000 hawawezi kuibadili lugha ya taifa wala kupindua ufalme. Wazee wao hawawezi hata kupanda kilima bila mkongojo.

Tena nchi yenu leo inalia kwa kukosa watu. Vijana wenu kwa makumi ya maelfu wanakwenda Australia, walimu na wauguzi wakiwa mstari wa mbele, na ninyi wenyewe mmelisema jambo hili hadharani kwa uchungu. Desemba 2023, Mtukufu Mfalme, ulitangaza ujenzi wa mji mpya Gelephu, zaidi ya kilomita za mraba 1,000, mji wa utulivu wa akili, na ukawaita Wabhutan walioko nje warudi waujenge. Baje aliitazama hotuba hiyo kwenye simu ya mjukuu wake. Alipoona ramani akaweka kidole kwenye kioo na kutaja mto, kijiji, njia ya kwenda sokoni. Mji huo unajengwa katika wilaya ile ile aliyotolewa. Akauliza kama wito ule unamhusu na yeye. Mjukuu akanitazama. Tukanyamaza wote.

Natoka upande wa dunia ambao hausifiwi kwa utajiri, nami nina mfano. Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania wakapewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakalima tumbaku na mahindi, wakalipa kodi. Baada ya miaka zaidi ya 35 serikali ikawauliza: mnataka kurudi Burundi au mnataka kubaki? Zaidi ya 160,000 wakaomba uraia, na wakapewa. Haikuwa rahisi. Walikubaliwa mwaka 2010, vyeti vikazuiwa kwa ubishi wa wapi wataishi, hadi Oktoba 2014 ndipo vikaanza kutolewa. Mimi sikuwa mmoja wao, sisi wa Nyarugusu tulikuja baadaye na hatukupata nafasi hiyo, na sikusema hili ili kuisifu nchi moja. Nalisema kwa sababu wale walikuwa wageni kweli, na nchi yenye shida zake iliona kwamba kizazi cha tatu kilichozaliwa hapo hakina kwingine. Ninyi hamuombwi kumpa uraia mgeni. Mnaombwa kumrudishia mtu kitambulisho mlichompa wenyewe.

Basi ombi langu ni hili. Acheni kuwatoa watu Phuentsholing. Yeyote atakayeshushwa Paro apewe hati ya kuishi nchini na ya kusafiri, na kesi yake ya uraia isikilizwe na mahakama yenu, ndugu zake wakiwa na haki ya kujua yuko wapi. Wale mliokwisha kuwatoa, watafuteni Jhapa, hawako mbali. Wale 293 wa Khudunabari mliowakubali mwaka 2003, wao au watoto wao, waiteni kwa majina, maana majina mnayo. Kisha wazee wa Beldangi na Sanischare wanaotaka kurudi wahakikiwe upya, na safari hii karatasi zao zipokelewe hata kama ni za 1957. Mkataba wa Haki za Mtoto mliuridhia mwaka 1990, mwaka uleule wa maandamano, nao unasema kila mtoto ana haki ya kupata uraia. Watoto wa wakati ule sasa wana mvi.

Na wafungueni wafungwa. Shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch liliorodhesha mwaka 2023 wafungwa wa kisiasa 37 katika magereza yenu, wengi wao Lhotshampa, wengi wakiwa na kifungo cha maisha. Wapo waliofungwa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mfalme ana mamlaka ya kusamehe, na Tek Nath Rizal aliachiwa kwa msamaha wa Mfalme. Mlango huo mnaujua.

Wasomaji wangu wa Kiswahili mlioko Marekani, nanyi nawaomba jambo moja kabla sijamaliza. Ukitimiza miaka mitano, omba uraia, usisubiri. Najua Kiingereza cha mtihani kinawatisha wazee wetu, na ada ni kubwa, lakini madarasa ya bure yapo na msamaha wa ada upo. Grini kadi haikuwalinda hawa. Na mkiwaona majirani zenu wa Bhutan wamekaa kimya kwenye baraza siku hizi, wagongeeni mlango.

Baje ameomba niongeze maneno yake, nami nayaandika kama mjukuu wake alivyonitafsiria. Anasema haombi kurudishiwa ardhi. Anajua kuna familia nyingine ililetwa kutoka kaskazini ikapewa shamba lake, na anasema hao nao walitumwa tu, hana ugomvi nao. Risiti ya baba yake ipo, ikihitajika nitaipiga picha na kuituma. Anachouliza ni michungwa. Ilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mteremko wa kuelekea kijito, aliipanda mwaka aliozaliwa kifungua mimba wake. Anaomba yeyote anayeishi pale sasa amjulishe kama bado inazaa.

Wenu kwa heshima,
Mkazi wa zamani wa Nyarugusu,
Columbus, Ohio